Mwanamke Aliyesimama Wima kwenye Darubini

Vijana wa ofisi ya ramani waliniaga mwezi uliopita kwa soda, biskuti na hotuba tatu, na hotuba zote tatu zilitaja mzimu. Nimepima ardhi katika mkoa huu tangu kabla wazazi wa baadhi yao hawajaoana. Nimepima mashamba, shule, barabara na makaburi, lakini kinachokumbukwa ni kwamba Mzee Idi aliwahi kuona mzimu ufukweni. Wakaniomba niandike habari hiyo. Nitaandika, ila nitaiandika yote, pamoja na sehemu ambayo hawajawahi kuisikia kwa sababu sijawahi kuwaambia. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kuisha, basi.

Mimi ni mtoto wa Ujiji, wa ukoo uliovuka ziwa kutoka Kongo zamani za mababu. Nilirudi nyumbani kutoka chuoni miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa na cheti, suruali iliyonyooka kwa pasi na imani kwamba hakuna jambo la upimaji nisilolijua. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Bitaliho, mnyapara wa kikosi chetu. Alikuwa Muha wa milimani, Mkatoliki, mfupi na mkavu, aliyeshika mnyororo wa kupimia tangu enzi za wakoloni na hakuwa na cheti cha aina yoyote. Alinisimamishia theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, juu ya miguu yake mitatu nyuma ya ofisi, akaniambia nitazame kwenye darubini yake.

Nikatazama. Vibarua walikuwa wamesimama kichwa chini miguu juu, na nyasi zilining'inia kutoka mbinguni. Chuoni tulifundishwa kwa chombo kipya kinachoonyesha dunia kama ilivyo. Nikajikohoza, nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba chombo kimeharibika.

"Hakijaharibika," akasema Mzee Bitaliho. "Hivi vya zamani ndivyo vilivyo. Humo ndani watu wote ni popo. Utazoea, bwana mdogo. Siku ukiona mtu amesimama sawasawa humo, ndipo uje uniambie."

Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimezoea kiasi kwamba jioni, nikirudi Ujiji, niliwashangaa watu wanaotembea kwa miguu.

Mzee yule alinifundisha mengi ambayo chuoni hayakuwemo. Timazi usiining'inize penye upepo bila kuikinga kwa mwili wako. Mnyororo ukipita majini ufute na uupake mafuta siku hiyohiyo. Mlango wa hema usielekee mteremko, labda kama unapenda kuoga umelala. Kuliko yote alinifundisha daftari la vipimo. Unaandika ulichokiona, na saa uliyokiona, kwa penseli ngumu, na hufuti. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa na kuandika kilicho sahihi pembeni. Unachokidhani hakiandikwi kabisa. "Ukitaka kudhani," alikuwa akisema, "kadhani nyumbani kwako."

Kazi yetu ilikuwa ya kulala porini. Tulikuwa na mahema mawili, sufuria tatu na lori lililowaka likipenda, na mara nyingi tulikaa mwezi mzima bila kuona moshi wa jirani. Kila aliyelala kwenye hema miaka mingi ana mzimu wake. Dereva wetu alisikia mtoto mchanga akilia juu ya mti upande wa Malagarasi, akawasha lori akaondoka na chakula chetu chote, kumbe alikuwa komba. Kibarua mmoja aliapa kwamba bibi mwenye nguo nyeupe amempungia mkono kutoka kwenye magofu, na tulipokwenda kutazama tukakuta shuka lake mwenyewe aliloanika jana yake. Mzee Bitaliho hakumcheka mtu. Aliamini mizimu ipo, ila aliamini pia kwamba ina shughuli zake. "Mzimu uache mambo yake huko, uje mpaka hapa kukutisha wewe?" aliuliza. "Kwani wewe nani?"

Ikaja miaka ya vijiji. Mnaijua habari yake kwa kusoma; sisi tuliipima. Watu waliokuwa wametawanyika mmoja mmoja mabondeni na ufukweni walitakiwa waishi pamoja, wawe karibu na shule, zahanati na barabara. Wazo lenyewe sikuliona baya na mpaka leo silioni baya. Lakini malori yalikuja kabla ya mvua, na mihogo haipandi lori. Watu walishushwa kwenye viwanja tulivyovipima juzi yake, vigingi bado vinanukia utomvu, na chakula chao kikabaki ardhini walikotoka.

Mwaka huo tulipelekwa kusini mwa Ujiji, kwenye ghuba dogo ambalo sitalitaja jina. Watu wake walikuwa wamehamishwa kupelekwa kijiji kipya upande wa Kidahwe, kwenye barabara ya Kasulu, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Nyumba zilikuwa zimebomolewa mapaa ili mtu asishawishike kurudi. Sisi tulitakiwa kupima ufukwe ule kwa ajili ya kituo cha uvuvi. Amri ya afisa wa operesheni ya kuhamisha watu ilikuwa fupi: tukimkuta mtu yeyote pale, tuandike jina lake, na shamba lolote linalohudumiwa, tuandike lilipo. Hatukuhitaji kuelezwa kwa nini. Mahali pengine tuliona mgambo wakitumwa kung'oa mazao ili waliohama wasiwe na cha kurudia. Afisa huyo alitoka mkoa wa mbali, na kwa kuwa alisema "haraka" katika kila sentensi, vibarua walimwita Bwana Haraka.

Siku ya tatu asubuhi nilisimamisha chombo kwenye kilima kidogo juu ya ghuba. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri na ziwa lilikuwa limetulia tuli, jambo ambalo hulipati mara nyingi. Nilikuwa nautafuta mti mkubwa wa upande wa pili, ambao matawi yake yaliinamia maji, nikikusudia kuupimia pembe. Nikazungusha darubini, nikarekebisha kioo, na humo ndani nikamwona mwanamke.

Alikuwa amesimama wima. Kichwa juu, miguu chini.

Nadhani mtu asiye mpimaji hawezi kujua niliingiwa na nini. Miaka yote ile nilikuwa nimeona watu wote humo vichwa chini: vibarua, ng'ombe, mkuu wa mkoa mwenyewe siku ya kuzindua barabara. Huyu alisimama kama wewe unavyosimama. Alikuwa na kikapu kichwani na kitenge kimefungwa kifuani. Niliinua kichwa nikatazama kwa macho yangu. Kulikuwa na mti na maji, basi. Nikarudi kwenye darubini, bado yupo. Akashusha kikapu, akainama, na ghafla akakatika vipande vipande, mwili ukienda huku na kichwa kule, akatoweka.

Nilipiga kelele. Sioni haya kusema. Nilipiga kelele na kuangusha penseli, na vibarua wakaja mbio. Niliwaeleza bila kufikiri, na hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, maana vibarua wale walikuwa wamechungulia chombo kile mara nyingi na walijua mtu wa humo anatakiwa aweje. Hakuna aliyeuliza maana yake. Kabla ya chai, watatu walikuwa wamefunga mizigo yao.

Mzee Bitaliho alinisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna kipande cha muhogo.

"Umeandika?" akauliza.

"Bado, Mzee."

"Andika kwanza, kabla hujaanza kusahau na kuongeza."

Nikaandika. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwenye darubini mwanamke amesimama wima, kichwa juu. Kwa macho hakuna mtu. Baadaye akakatika vipande, akatoweka. Maandishi yanasomeka mpaka leo.

Saa sita mchana, mimi na yeye tukazunguka ghuba kwenda kwenye ule mti. Tulisikia harufu kabla ya kufika, harufu ya mihogo iliyolowekwa siku nyingi, ambayo asiyeizoea huziba pua na aliyeizoea humeza mate. Chini ya matawi, majini, kulikuwa na vikapu vinne vimezungushiwa mawe. Nyayo za mtu mmoja zilipanda kuelekea kwenye migomba. Mzee Bitaliho akatikisa kichwa akicheka kimyakimya. Nami nikasimama nikitazama maji, na elimu yangu ikarudi yote kwa mara moja.

Maji yaliyotulia ni kioo. Kutoka kule kilimani, majani ya mti yalimficha mtu aliyesimama chini yake, lakini kivuli chake majini kilionekana kwa darubini, ingawa kilikuwa mbali mno kwa macho matupu, na kivuli cha majini huwa kichwa chini. Darubini inapindua kila kitu. Ikapindua kilichokwisha kupinduliwa, na mwanamke akasimama sawasawa. Alipotia kikapu majini, viwimbi vikamkata vipande. Nilimweleza Mzee kwa kuchora mchangani.

"Wewe umejua alivyosimama," akasema. "Mimi nimejua alichosimamia. Mtu huyu anawatafutia chakula watoto."

"Watoto wa watoto," sauti ikasema nyuma yetu.

Alitoka kwenye migomba na jembe mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo ya kuelekea uzee, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Nilimwamkia shikamoo. Mzee Bitaliho akamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye," naye akaitikia, na kwa jinsi alivyoitikia nilijua kwamba alikuwa ameogopa kuliko mimi asubuhi.

Jina lake lilikuwa Veronika. Alikuwa na binti mmoja, Skolastika, na wajukuu watano, wote wamehamishiwa kile kijiji cha barabarani. Mume wa binti alikuwa ameondoka kutafuta kazi. Shamba lao jipya lilikuwa na mihogo yenye urefu wa kiganja. Kwa hiyo kila wiki Bi Veronika alikuja huku peke yake, akachimba mihogo yake ya zamani, akailoweka, akaianika, akaitwanga, na kurudi na unga kichwani. Watu wengine wa kijiji walikuja mara mojamoja, lakini waliogopa mgambo. Yeye alisema njaa ya wajukuu inamtisha zaidi.

"Mnaniandika?" akauliza.

Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo amri.

"Baba, nipeni mpaka ile ya kule ikomae. Mwaka mmoja. Mkiniandika leo, kesho hapa hakuna shina. Mtakuwa mmewaandika na wale watoto."

Kutoandika mtu uliyemwona ni kudanganya daftari, na nilikuwa nimelelewa na daftari lile.

"Bwana Idi," akasema Mzee Bitaliho, na ilikuwa mara ya kwanza kunipa ubwana kamili, "asubuhi uliandika nini?"

"Nilichokiona."

"Ni kweli?"

"Kila neno."

"Umeona kwenye kazi. Sasa tupo matembezini, daftari liko hemani. Mimi naona limeshajaa."

Bwana Haraka alifika siku ya pili yake kwa Landrova, akitaka kujua kwa nini vibarua watatu wamekutana naye barabarani na mizigo. Nilimpa daftari. Alisoma akikunja uso.

"Mwanamke amesimama wima. Sasa kuna nini hapo? Ulitaka akae?"

"Mheshimiwa," akasema Mzee Bitaliho kwa adabu zote, "hebu njoo uchungulie kidogo."

Akamwelekezea darubini kwa mpishi wetu, aliyekuwa akiosha sufuria. Bwana Haraka alichungulia. Akainua kichwa, akamtazama mpishi kwa macho, akachungulia tena.

"Mbona kichwa chini?"

"Humo watu wote ni hivyo, Mheshimiwa. Wote, tangu chombo kitengenezwe Ulaya. Hata wewe."

Bwana Haraka alikuwa mtu wa shule, na nilimwona akipambana na shule yake.

"Na huyo wa jana?"

"Wima, Mheshimiwa," nikasema. "Kichwa juu."

Hakuuliza swali lingine. Kama angeuliza ningemjibu ukweli, nimejiapia hivyo mara nyingi, ingawa sina hakika. Alikataa chai. Akasema eneo lile halifai kwa kituo cha uvuvi kwa sababu za kitaalamu, tuhamie ghuba la pili haraka, naye akaondoka kabla hata injini ya gari haijapoa. Jina la Bi Veronika halikuandikwa popote.

Mzimu wetu ukapata umaarufu. Vibarua waliueneza Ujiji, dereva akaupeleka Kigoma mjini, na mpishi, ambaye hakuona kitu, akawa shahidi mkuu. Wavuvi na wachuuzi waliokuwa wakipiga kambi kwenye ufukwe ule, upepo unapowazuia kuendelea, walianza kusimulia mambo yao. Mmoja alisikia kinu kikitwangwa ndani ya kijiji kisichokuwa na watu. Wengine waliona moshi kwenye nyumba isiyo na paa. Wachuuzi wawili wa mawese waliomba lifti ya boti nyingine na kuacha mitumbwi yao kwa sababu sauti ya mwanamke iliimba wimbo wa kanisani kwenye migomba. Mimi nilikuwa nikiwasikiliza nikitabasamu ndani kwa ndani. Tulipita kule mara mbili kumwona, na Bi Veronika mwenyewe alifurahia. Alituambia akiona mtumbwi anaokota mwichi na kutwanga hata kama kinu kitupu. Watu wakaacha kabisa kushuka pale. Wajukuu walikula. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Miezi kama minane baadaye nilikuwa kwenye soko la samaki la Katonga, nilikokwenda kununua migebuka. Mvuvi mmoja kijana aitwaye Sefu alikuwa katikati ya kundi la watu, anasimulia. Juzi, alisema, upepo uliwasukuma mpaka kwenye ghuba la mzimu, yeye na wenzake wawili, wakashuka kupika. Mchana kweupe. Maji ya ugali yalipochemka, sauti ikaita kutoka kwenye magofu.

"Ikaita nini?" mtu akauliza.

"Ikaita, jamani. Jamani nisaidieni. Tena kwa jina la Mungu. Tukatazamana. Si unajua, sauti ya porini haiitikiwi, ukiitika imekwisha kukuchukua. Tuliacha sufuria motoni. Mpaka tunafika kilindini bado inaita."

Watu wakasema eeh. Mimi migebuka iliniponyoka mkononi.

"Juzi?" nikauliza.

"Juzi, Bwana Mpima. Ndiye yuleyule wako."

Nikamwambia si mzimu, ni mtu, ni mama mmoja anaitwa Veronika, ameumia, twendeni sasa hivi. Sefu alinitazama kwa huruma. Nikarudia. Nikawaeleza kivuli, maji, darubini. Nilichora kwenye mchanga kama nilivyomchorea Mzee, na watu wakatazama mchoro, wakanitazama mimi, wakarudi nyuma kidogo.

"Bwana Idi," akasema mzee mmoja mwenye boti, "si wewe uliyeandika kitabuni kwamba amekatika vipande?"

"Ni mimi."

"Na serikali ikasoma, ikahamisha kituo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi uliandika uongo?"

Nikashindwa kusema ndiyo, kwa sababu haukuwa uongo, na nikashindwa kusema hapana. Hakuna aliyenipa boti. Nilikimbia mpaka Ujiji nikamkuta Mzee Bitaliho kwa seremala, tukaazima mtumbwi wa binamu yangu. Yeye mtu wa milimani, mimi mtu wa penseli, tulipiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Nilikuwa nahesabu siku. Juzi aliita. Aliita tangu lini? Nilijua kwamba kama amekufa, nimemuua kwa maneno ya kweli, na hakuna mahakama itakayonishtaki. Nililia, na Mzee akajifanya anatazama mbele.

Tulimkuta alasiri ndani ya nyumba yake isiyo na paa. Mvua ilikuwa imeuloanisha ukuta mmoja, ukamwangukia mguuni alipokuwa anachota unga. Alikuwa amejikokota mpaka kizingitini, akashindwa kuendelea, akawa anakinga maji ya mvua kwa kiganja. Mguu ulikuwa umevimba na kubadilika rangi. Alitufumbulia macho, na nilipopiga magoti na kumwita, hakuitika. Alinyoosha mkono akanigusa shavu, akaugusa na mkono wangu, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

Mzee Bitaliho alimpa maji kwa kijiko, akaufunga mguu kwa fito zetu mbili za kupimia alizozibeba kutoka Ujiji. Tulipokwisha kumlaza kwenye mtumbwi ndipo sauti yake ilipotoka.

"Niliita siku mbili. Hakuna mtu. Siku ya tatu wakaja vijana watatu, nikasema Mungu amewaleta. Nikawaita. Wakageuka, wakatazama pale nilipokuwa, wakakimbia. Wameacha ugali motoni! Nikafikiri, watu gani wanakimbia ugali? Nikasema, kumbe nimeshakufa na sikujua. Wamesikia sauti ya maiti. Basi nikaacha kuita."

Niliacha kupiga kasia. Nikamwambia kwamba ni mimi. Nikamweleza lile daftari lilivyosema, na Bwana Haraka, na jinsi nilivyokaa nikifurahia hadithi zile zikikua, na kwamba leo nimeomba boti Katonga nikanyimwa kwa ajili ya maandishi yangu mwenyewe. Nikamwomba radhi.

"Mimi nami nilitwanga kinu kitupu," akasema. "Tulifanya wote. Wajukuu wamekula." Kisha akasema, "Lakini baba, kuachwa vile na watu unaowaona kwa macho, usimfanyie mtu tena."

Sijamfanyia. Nimekaa kazini miaka mingi baada ya hapo, na kila kambi niliyoongoza, sauti iliyoita tuliiendea, mchana au usiku, tukiwa wawili au kumi. Mara nyingi alikuwa ndege. Mara moja alikuwa mchunga ng'ombe aliyeumwa na nyoka, naye yu hai. Ninyi mna vyombo vinavyozungumza na setilaiti na vinaonyesha watu wakiwa wamesimama vizuri, nawaonea fahari. Hilo moja tu nawaomba mlichukue kwangu.

Tulifika Katonga jua likiwa linaelekea kushuka. Tulipitia huko kwa sababu ndiko kulikokuwa na gari la kumfikisha hospitali. Soko lilikuwa bado limejaa, na mtu wa kwanza alipotambua tumembeba nani, watu wakarudi nyuma mpaka ukingo wa maji ukabaki mtupu. Wanawake waliacha dagaa wao mchangani. Mtumbwi ulikwama kabla ya kufika nchi kavu, mimi na Mzee hatukuwa na nguvu hata ya kusimama, na kila niliyemwita alirudi nyuma hatua moja. Niliwaambia tena ni mtu. Niliwaambia mimi ndiye niliyewaogopesha, wanichukie mimi. Walisimama tu.

Ndipo nikamwona Sefu. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Bi Veronika naye alimwona, na akamtambua. Sikujua atasema nini. Sefu akaanza kuingia majini, taratibu, mpaka yakamfika magotini, akasimama kando ya mtumbwi. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Mama," akasema, "samahani. Wewe ni mzima?"

"Sijui, mwanangu," akasema Bi Veronika. "Nibebe, uone kama nina uzito."

Sefu akafumba macho, akageuza mgongo, akambeba.